Mpemba na Mvua ya Galway

Wahenga walisema Mpemba hakimbii mvua ndogo. Sina ugomvi nao. Lakini hawakutuachia kauli yoyote kuhusu mvua kubwa, wala mvua ya ubavu, wala ile inayotoka chini ikapanda juu na kukuingia puani ukiwa umeinamisha kichwa kwa adabu. Hiyo ya mwisho nilikuwa nikiihesabu miongoni mwa uongo wa mabaharia, mpaka nilipokwenda Galway, mji wa bandari wa magharibi ya Ireland, pale Bahari ya Atlantiki inapogota kwenye nchi kavu baada ya kutoka Marekani bila kukutana na cha kuipunguza kasi ila visiwa vitatu vidogo vya mawe, ambavyo habari zake zitafuata.

Mji wenyewe si mkubwa. Watu wake wanazidi 80,000 kidogo tu, lakini ukisimama Shop Street saa za jioni utaapa kuwa nusu yao wamebeba gitaa na nusu nyingine wanawaimbia. Mto Corrib unakatiza katikati ukikimbia mbio za kutisha. Kutoka ziwani hadi baharini ni kilomita 6 hivi, na umeamua kuzimaliza upesi. Watu ndio wenye nafasi. Hao hawana haraka na lolote, na karibu kila mkasa ulionipata kule ulianza na mtu mwema aliyesimama kunisaidia.

Wa mwavuli tu ndio nilioutafuta mwenyewe. Mdogo wangu ni muuguzi huko, na kabla sijaondoka Unguja aliniandikia: "Kaka, lete koti la mvua. Mwavuli uache." Nikaona huyu ughaibuni kumemsahaulisha mwavuli ni kitu gani. Nikapita sokoni Darajani nikanunua mmoja mkubwa wenye mbavu za chuma, ambao muuzaji aliniapia kuwa ni wa maisha. Maisha yake yalifika hadi kwenye daraja lililo karibu na Spanish Arch, ule ukuta wa mwaka 1584 uliojengwa kulinda gati. Upepo uliukamata kwa ndani, ukaupindua, kisha ukazichambua mbavu moja baada ya nyingine bila pupa. Nilipotaka kuutupa nikakuta pipa la taka limeshajaa miavuli ya rangi zote, miguu juu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita, maji yakimchuruzika kwenye ncha ya pua, aliutazama wangu, akatazama mbingu, akasema kwa furaha, "Leo siku nzuri, ashukuriwe Mungu." Nilidhani ananikebehi. Baada ya kuziona siku zilizofuata nikaelewa kuwa alikuwa akitoa taarifa tu.

Jua lao nalo halina mpango. Ilikuwa Juni. Mdogo wangu aliponiuliza tule saa ngapi nikamjibu kama mtu aliyelelewa: baada ya Magharibi. Akaniangalia kwa huruma. "Haya kaka, upendavyo." Ikafika saa kumi na mbili, nje mwanga mweupe wa alasiri. Saa moja, saa mbili. Saa tatu watoto wa jirani bado wanapiga mpira, mama yao hata hajawaita. Nikawa natoka kila mara kulichungulia jua, nalo limetulia palepale juu ya ghuba, halina nia. Lilizama saa nne usiku na dakika zake, wakati wali umeshapashwa moto hadi umegeuka ukoko mtupu, na mdogo wangu alikuwa amekula zamani, amelala, kwa kuwa alikuwa na zamu ya alfajiri. Alfajiri yenyewe, nikaja kugundua, inaingia kabla hujamaliza kuosha vyombo vya usiku.

Kupanda basi pia kuna elimu yake. Kwetu daladala ndiyo inayokutafuta. Utingo atakushika mkono hata kama ulikuwa unakwenda kununua mkate. Galway basi likitokea lazima unyooshe mkono, la sivyo dereva ataamini umesimama kituoni kutazama mandhari, naye hatakukatiza starehe yako. Niliyasindikiza mabasi kwa macho mpaka kijana mmoja aliponihurumia akanyoosha mkono kwa niaba yangu. Na wakati wa kushuka kila abiria humshukuru dereva, mmoja mmoja, hata wale walevi. Mimi nikaona shukrani kavu haitoshi, nikamuuliza na hali ya watoto. Akanijibu kwa urefu, kuanzia mkubwa. Foleni nyuma yangu ikangoja, na hakuna aliyeguna. Wengine walitaka kujua huyo wa pili kama amefaulu.

Lakini siku nyingine sikufika hata mlangoni. Pale Eyre Square, uwanja wa katikati ya mji, nilimuuliza mzee mmoja basi la Salthill linasimama upande gani. Ni swali la kunyooshewa kidole. Mzee alianza kwa kuniuliza nimetoka wapi, babangu alikuwa nani, na kwetu mvua zikoje. Halafu akanieleza kwamba hapahapa tuliposimama ndipo alipohutubia Rais John F. Kennedy wa Marekani mwezi Juni 1963, miezi michache kabla ya kuuawa; kwamba bustani ile ina jina lake; na kwamba yeye alikuwa mtoto, amekaa mabegani kwa babake, akamwona rais kama anionavyo mimi. Basi likaja, likaenda zake. Likaja jingine. Nilipokutana na wazee wengine baadaye nikabaini kuwa mwaka ule hakukuwa na mtoto Galway aliyekanyaga chini. Wote walikuwa mabegani. Mzee wangu alipofikia mazishi ya Kennedy akafuta jicho, akanyoosha kidole. Kituo kilikuwa nyuma yangu.

Sasa nije kwa ndege. Sisi wa Zanzibar tunao kunguru walioletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakaona taka peke yake ni unyonge, wakahamia kwenye sahani. Mtu aliyekulia visiwani anajua kula huku amekunja mkono wa kushoto kuzunguka chakula. Kwa hiyo niliponunua samaki na chipsi nikaketi ukingoni mwa mto pamoja na vijana waliokuwa wakiota jua la dakika tano, na mama mmoja akanionya, "Mwanangu, angalia shakwe," nilimwambia atulie, mimi na ndege tunajuana. Kunguru, pamoja na dhambi zake, ni mwizi mwenye haya: atavizia, atadokoa, ukimtupia jicho ataondoka. Shakwe wa Galway ni jambazi. Alikuja kwa mbele, uso kwa uso, akanipiga bawa la shavu, akaondoka na samaki mzima aliyekuwa hajaguswa. Wala hakwenda mbali. Alitua hatua chache kutoka nilipokaa, akamla huku ananitazama. Yule mama akanikatia nusu ya samaki wake bila kusema "nilikwambia," na mimi nikaila nikiwa nimejifunika koti gubigubi.

Ng'ambo ya mto ndipo palipokuwa na kijiji cha wavuvi cha Claddagh. Nyumba zake za kale zilizoezekwa kwa nyasi zilibomolewa miaka ya 1930, lakini jina limebaki kwenye pete: mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo taji. Nikaingia dukani kumnunulia mke wangu. Bei aliyotaja yule binti niliipunguza nusu, kama dini ya biashara inavyoagiza. Akanyamaza. Mimi nikageuka kuelekea mlangoni, polepole, nikisubiri kuitwa. Hakuniita. Nilifika hadi barabarani, nikasimama kidogo kwenye manyunyu, nikarudi nikalipa bei yote, naye akanifungia kwa tabasamu lilelile, akinitakia siku njema.

Kwa kuogopa kuipoteza, pete nikaichomeka kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Siku hiyo nilizunguka mji wote na nikaona kina mama na mabinti wananitabasamia kuliko kawaida. Nikajua ni kofia. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya viua, kazi ya mkono wa mke wangu, aliyoishona jioni kwa jioni kwa miezi, na kusema kweli hunipendeza. Kwenye basi bibi mmoja akauchukua mkono wangu bila kuomba ruhusa, akauangalia, akaniuliza kama nimeshampata. Nani? Mchumba. Ndipo aliponifundisha: pete ile ikivaliwa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikaelekea nje, mwenyewe anatangaza kwamba yuko peke yake na mlango uko wazi, ikigeuzwa ndani, moyo umeshachukuliwa, mkono wa kushoto ni wa waliooa. Basi zima lilikuwa linasikiliza. Nikaigeuza palepale mbele ya mashahidi, na dereva akaniangalia kwenye kioo akatikisa kichwa kuridhia.

Salthill ni ufuo wa mji. Kuna njia ndefu ya kutembelea kando ya bahari, na mwisho wake kuna ukuta ambao kila mtembeaji lazima aupige teke kabla ya kugeuka. Nilimuuliza mmoja sababu. Akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu hupumua, akapiga teke lake, akarudi zake. Nami nikapiga. Karibu na hapo, Blackrock, upo mnara wa kurukia majini, na watu huoga pale mwaka mzima, hata Desemba, kwa hiari yao, bila kuwa wamelazimishwa na serikali.

Tuliwakuta kina mama wa umri wa mama yetu, wamevaa kofia za mpira, wanatoka na kuingia baharini wakiongea. Swali la kwanza, kama kawaida: umetoka wapi? Mdogo wangu, ambaye angeweza kunyamaza, akawaeleza kuwa sisi ni watu wa Pemba, kisiwa, bahari kila upande. "Mtu wa kisiwani!" wakapiga makofi. "Basi huyu hahitaji kufundishwa." Hapo ndipo kiburi cha pwani kilipopanda. Nikaenda kuyakagua maji kama nahodha. Yalikuwa yanajaa, bamvua, na niliposikia kwamba yakijaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita nne, sawasawa na kwetu, nikaona nipo nyumbani. Mwamba ni mwamba, chumvi ni chumvi. Kilichobaki ni jambo moja ambalo Mpemba hafikirii kuliuliza, kwani hajawahi kuwa na haja nalo. Maji ya kwetu hata kusi likivuma hayashuki chini ya nyuzi 25 hivi. Yale, katikati ya kiangazi chao, yalikuwa nyuzi 14.

Niliruka. Shahada ilinitoka yenyewe kabla kichwa hakijazama, na iliyobaki niliimalizia chini. Nilipoibuka nilitoa ukelele ambao mdogo wangu anasema uliwafikia watu wa Clare, ng'ambo ya ghuba. Hewa ilikataa kuingia. Mikono ilikuwa yangu ila haikuwa ikipokea amri. Na pembeni yangu bibi mmoja aliyekaribia miaka tisini alikuwa amelala chali juu ya maji, ametulia, anamsimulia mwenzake jinsi kodi za nyumba zilivyopanda. "Ukizoea utaona raha," akaniambia bila kugeuza shingo. Ngazi ile sijui niliipandaje.

Kina mama wakanizungushia mataulo yao yote, wakanimiminia chai ya chupa, kisha mmoja akafungua kopo, akatoa kitu cheupe kinachotikisika, akanilisha kwa kijiko. Kitamu, laini, maziwa matupu. Nikauliza ni nini. Mwani.

Wasomaji wa bara wanisamehe, hapa lazima nieleze. Zanzibar kina mama wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Pemba zaidi, wanaufunga kwenye kamba maji yakiwa ya magoti, wanaukausha, unapakiwa kwenye makontena na kwenda nje. Huko viwandani hutolewa kitu cha kugandishia aiskrimu, maziwa na dawa ya meno, na kitu hicho jina lake limetoka Ireland, kwenye mwani mwekundu wa miamba ya mwambao uleule nilipokuwa nimekaa nikitetemeka, ambao watu wake wameuchemsha na maziwa kwa vizazi. Kwetu nawajua kina mama waliopindisha migongo kwa mwani ambao hawajawahi kuutia mdomoni hata siku moja; ukiwaambia unaliwa watadhani unawatania. Na mimi mtoto wao nimeunganisha ndege hadi ukingo wa Ulaya ili nilishwe mwani kwa kijiko na bibi aliyevaa kofia ya mpira. Nilimaliza. Nikaongezwa.

Baada ya hapo mdogo wangu akaona ni salama zaidi kunipeleka nchi kavu. Alikosea kidogo, kwa kuwa Connemara si kavu. Ni nchi ya ajabu kwa uzuri: milima isiyo na mti, rangi ya zambarau, maziwa yaliyotapakaa kila uendapo, kondoo waliopakwa rangi mgongoni wamelala katikati ya barabara na hawaondoki mpaka upige honi na uwaombe. Gari linakwenda kushoto kama kwetu, barabara nyembamba kama ya Ngezi kule Pemba. Katikati ya vyote hivyo kuna uwanda mpana wa kijani unaovutia macho, na mimi nikaona farasi mdogo wa kijivu amesimama mbali kidogo, nikashuka nimpige picha.

Tope nalijua. Nimekua kwenye mikoko. Lakini tope la mikoko lina uungwana, linakuonya kwa harufu na matundu ya kaa. La Connemara limetandika majani na maua juu yake likanyamaza. Hatua ya tatu nikaingia hadi pajani. Mfugaji mmoja aliyekuwa akikata mboji, ule udongo mweusi wanaoukata mapande kama matofali, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni, alikuja na ubao wake bila haraka, akaulaza, akanivuta. Mguu ulitoka. Kiatu kilikataa. Ili nisijisikie vibaya akanisimulia habari za Alcock na Brown, watu wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa ndege bila kutua. Walitoka Newfoundland, wakaruka usiku kucha, kiasi cha saa 16, kwenye mawingu na barafu, na asubuhi ya tarehe 15 Juni 1919 wakaiona Ireland. Karibu na mji wa Clifden wakachagua uwanja mzuri wa kijani. Watu wa kituo cha simu za upepo cha Marconi, asema, waliwapungia mikono kuwaambia wasitue pale, na marubani nao wakapunga kurudisha salamu. Kisha wakatua. Ndege ikazamisha pua topeni, mkia ukabaki juu. "Nao walikuwa na ramani," akamalizia.

Nikamuuliza kuhusu kiatu. Akanihakikishia kuwa hakitaharibika. Mboji haiozeshi kitu. Wakataji hufukua siagi iliyozikwa na watu wa kale mamia ya miaka iliyopita, ipo vilevile, na huchukuliwa ikawekwa makumbusho. Kiatu changu, kwa maoni yake, kilikuwa na mustakabali mzuri kuliko mimi. Nikarudi mjini na mguu mmoja ndani ya mfuko wa plastiki.

Vile visiwa vitatu ni Aran, na kikubwa chao ni Inis Mór. Boti inaondoka bandari ya Ros an Mhíl na haichukui hata saa nzima. Mdogo wangu alimeza kidonge, akaninyooshea na mimi. Nikakataa kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Ukweli ni kwamba nimeuvuka Mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba, kwa boti na kwa jahazi, kusi na kaskazi, abiria wenzangu wakiwa wamekumbatia mifuko myeusi, na mimi nikila mhogo. Lakini Nungwi ni bahari ya kistaarabu. Inakuinua, inakushusha, unajua zamu yako. Ile ya Aran inakuinua, inasita, inafikiri, halafu inakushusha kwa upande ambao hukutokea. Tulipoiacha ghuba nyuma, mzee aliyekaa karibu nami alikuwa ananieleza bei ya ndama. Nilimsikiliza hadi kwenye ndama dume. Kilichofuata wanakijua samaki. Mzee alinishika bega muda wote, akaendelea na bei ya majike.

Gatini nilihitaji kukaa, nikakaa kando ya kitu kilichopinduliwa, cheusi, kirefu. Ni currach, mashua yao ya kuvulia, na unapoigonga kwa kidole unasikia kuwa si ubao. Ni turubai lililopakwa lami juu ya fito. Wanatoka nayo kwenye bahari ileile iliyokuwa imenifanyia vile. Nilipenda zaidi habari za mashua kubwa za matanga mekundu yaliyoiva, ambazo zamani zilikuwa zikileta mboji kutoka Connemara, maana visiwani hakuna mboji wala mti wa kuni, na zikirudi bara zinapakia mawe ya chokaa. Ni kama majahazi ya kwetu, boriti na chokaa, nahodha na mzigo: kama si baridi ningeomba kazi.

Hata udongo wa kule wameutengeneza kwa mikono, mchanga na mwani kubebwa mgongoni na kumwagwa juu ya mwamba, na mawe waliyoyaokota wakayapanga kuta zisizo na mwisho. Kuta hazina mageti. Ng'ombe akitaka kupita, mwenyewe hubomoa kipande cha ukuta, ng'ombe akapita, akakipanga upya. Tulikodi baiskeli kukatiza katikati ya kuta hizo. Kwenda, upepo ulikuwa wa omo. Mdogo wangu, mwembamba, alipita, mimi nilikuwa nakanyaga pedali nikibaki nilipo. Nikajipa moyo kwamba wakati wa kurudi utakuwa wa tezi. Wenye uzoefu wameshajua mwisho wa hadithi hiyo.

Mwishoni mwa njia kuna Dún Aonghasa, ngome ya mawe iliyoanza kujengwa karibu miaka 3,000 iliyopita. Ukuta wake ni nusu duara tu. Nusu nyingine ni jabali linaloshuka wima hadi baharini, karibu mita 100, na pale ukingoni hakuna uzio wala kamba. Watu hulala kifudifudi na kutambaa kuchungulia. Nikatambaa. Chini mawimbi yanapasuka, sauti inakufikia kwa kuchelewa. Ndipo upepo uliposoma nia yangu ukaivua kofia.

Nilijua imekwenda Marekani. Kumbe upepo ulikuwa unatoka baharini: kofia ilipanda, ikazunguka juu ya vichwa vya watu, ikauruka ukuta wa ngome na kupotelea upande wa pili, kwenye uwanja wa mawe makali yaliyosimamishwa makusudi, zamani hizo, ili adui asiweze kukimbia. Yanafanya kazi bado. Nilitangaza msiba wangu kwa sauti, na palepale watu wote waliokuwemo ngomeni, watalii, watoto, padri mmoja mstaafu, wakatawanyika kwenye mawe kutafuta kofia ambayo hawakuwa wameiona, wakiulizana inafananaje. Tulitafuta hadi tukazoeana. Tulipokata tamaa tukateremka.

Mzee wa kisiwani alikuwa ameketi juu ya ukuta wake chini kabisa, karibu na njia, kofia ya viua kichwani, pembeni ameiweka yake ya sufu. Alisema ilimjia. Hakusema "niliiokota." Ilimjia. Akauliza ni kazi ya nani, nikamwambia. Inachukua muda gani, nikamwambia. Akaivua, akaipitisha vidole tundu kwa tundu, akaivaa tena. Akauliza bei. Damu ya Kipemba ikaamka, nikataja kubwa. Yeye badala ya kutaja yake akaanza habari za amiye aliyekuwa baharia akafika Mombasa mwaka wa njaa ya nini sijui, na jinsi alivyorudi na sanduku la mkaratusi lisilofunguka, na sanduku lile limesababisha kesi gani baina ya ndugu. Mdogo wangu akaanza kunivuta mkono. Boti ya mwisho ikapiga honi. Kesi ilikuwa bado haijafika mahakamani. Nilikimbia nikisukuma baiskeli kwenye upepo wa omo, na nilipojipapasa kichwa ndani ya boti nikakuta kofia ya sufu, na mfukoni nusu ya mkate mweusi uliofungwa kwenye gazeti.

Mke wangu pete aliipokea vizuri. Kofia niliyovaa, kwenye joto la Unguja, aliitazama bila kuuliza, na mimi nikamweleza tangu Ros an Mhíl. Wiki chache baadaye mdogo wangu alikwenda tena kisiwani, akatuma picha ya mzee juu ya ukuta. Mke wangu akaikuza kwenye simu, akakagua mishono yake yote, upande hadi upande.

"Huyu imemkaa," akasema, na akaichukua ile ya sufu akaenda kuipulia sufuria ya wali.